Shajara ya mradi: sola katika kitongoji cha Wilaya ya Chemba

Miradi ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) imefikisha nguzo za umeme kwenye vijiji karibu vyote vya Tanzania Bara, ila nguzo ikifika kijijini haijafika kila kitongoji. Kitongoji cha mradi huu, Wilaya ya Chemba mkoani Dodoma, kiko kilomita 11 kutoka transfoma ya karibu. Kazi imefanywa Julai hadi Septemba na wanafunzi 6 wa uhandisi wa umeme walio kwenye mafunzo kwa vitendo, pamoja na vijana 9 wa hapo hapo, wanne kati yao wasichana. Kilichopangwa: shule shikizi yenye madarasa 2 na ofisi, nyumba 14, banda la kuchaji simu, na kuufufua mtambo wa zahanati ya kijiji jirani. Shajara hii ni ya vijana watakaobaki na mitambo, na ya timu yoyote inayotaka kufanya kazi kama hii penye jua, vumbi na upepo wa Dodoma.

Juma la 1. Zahanati: mtambo wa zamani ulikufaje

Tumeanza na mtambo uliokufa kabla ya kufungua boksi la kifaa kipya hata kimoja. Asiyejua cha kwanza kilikufa na nini, atafunga cha pili kife vilevile.

Paneli 4 za wati 80 ziko juu ya paa, zina vumbi la kuandikia kwa kidole. Tumezifuta, tukazipima moja moja bila mzigo saa 5 asubuhi: zote zinatoa volti 20 na kidogo. Ni nzima. Katika mitambo ya vijijini paneli ndiyo hulaumiwa kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana, na ndiyo huharibika mwisho.

Betri ni 2, za maji, zimeunganishwa sambamba. Tumezitenganisha na kuziacha zipumzike usiku kucha. Asubuhi moja ilikuwa na volti 10.4, nyingine 11.2. Betri ya volti 12 ina seli 6 za volti 2 na ushee, ukikuta 10.4 baada ya mapumziko, seli moja imekufa. Haidromita, kipimo cha uzito wa tindikali ya betri, imethibitisha: seli tano zimesoma 1.15, ya sita haikukiinua kielea hata kidogo. Kwa kuwa zilifungwa pamoja, betri yenye seli mfu ilikuwa ikiinyonya mwenzake kila usiku. Maji yako chini ya bamba, na sehemu ya bamba iliyobaki wazi imeota ukungu mweupe mgumu wa salfeti. Betri hairudi kutoka hapo. Muuguzi anasema iliongezwa maji ya kisima ilipokauka; maji ya Chemba yana chumvi nyingi na chumvi hiyo hubaki ndani ya betri. Kinachoongezwa ni maji safi ya betri tu, na si tindikali, ingawa dukani chupa zinafanana na majina huchanganywa.

Chanzo chenyewe kilikuwa ukutani. Waya za taa zilitolewa kwenye chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme unaoingia na kutoka kwenye betri) zikafungwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Kisa chake ni kile kile cha kila mahali: kontrola inakata umeme saa 4 usiku, watu wanasema ina choyo au imeharibika, anaitwa fundi, anairuka, taa zinawaka mpaka asubuhi, na mwaka hauishi betri imekwisha. Kontrola ile haikuwa mbovu. Tumeipima kwa betri ya mfano na inakata panapotakiwa. Ilipokata ilikuwa inatoa taarifa kwamba matumizi ya siku yamezidi jua lililoingia, na hakukuwa na mtu aliyefundishwa kuisoma taarifa hiyo.

Basi sharti la kwanza la mradi limeandikwa ukutani kabla ya waya wowote kuvutwa: hakuna kuiruka kontrola. Ikikata, andika saa iliyokata kwenye daftari, kisha tafuta mzigo uliozidi.

Juma la 1, Alhamisi na Ijumaa. Hesabu ya mzigo wa shule

Vijana wamepita na mwalimu chumba kwa chumba kuuliza kitu gani kitawaka na kwa saa ngapi. Swali la saa ngapi ndilo linalorukwa na wengi, na ndilo linaloamua ukubwa wa betri.

Taa 8 za LED za wati 9 madarasani, saa 3 za kujisomea jioni: wati-saa 216. Taa 2 za nje za wati 7, saa 11: 154. Taa ya ofisi, wati 9 kwa saa 4: 36. Kompyuta mpakato ya wati 45 kwa saa 3: 135. Redio ya wati 10 kwa saa 4: 40. Simu 6 za walimu na kamati, wati-saa 10 kila moja: 60. Jumla 641 kwa siku.

Hasara za joto, vumbi, waya na betri yenyewe tumezichukulia kuwa asilimia 30, kwa hiyo paneli lazima zizalishe 641 gawanya kwa 0.7, yaani 916. Tumehesabu saa 5 za jua kamili kwa siku. Dodoma hupata zaidi ya hapo miezi mingi, ila betri haijazwi na wastani wa mwaka, inajazwa na jua la siku hiyo. 916 kwa 5 ni wati 183. Tumechukua paneli 2 za wati 150: ziada hiyo ndiyo inayoijaza betri upya baada ya siku za mawingu, na bila ziada betri iliyoshuka hukaa nusu tupu kwa majuma.

Betri: siku 2 bila jua ni wati-saa 1,282, sawa na ampea-saa (Ah) 107 kwa volti 12. Tusishuke chini ya nusu, kwa hiyo Ah 214. Sokoni ipo ya Ah 200, ya jeli, tukaikubali. Betri moja kubwa ni bora kuliko mbili ndogo sambamba, kwa sababu tuliyoiona zahanati.

Kontrola: kila paneli hutoa hadi ampea 8.9 waya zake mbili zikigusanishwa (shoti), mbili 17.8, zidisha kwa 1.25 upate 22.3. Tumefunga ya ampea 30.

Jambo la dukani, maana wengi huibiwa hapo. Paneli hupimwa kwa futi kamba kabla ya kulipiwa. Jua kali la mchana huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli za aina hii hugeuza asilimia 15 hadi 18 hivi. Hizi zetu ni sm 148 kwa 67, karibu mita 1 ya mraba, kwa hiyo wati 150 inaingia akilini. Ukiletewa paneli yenye nusu ya eneo hilo na kibandiko cha wati 150, kibandiko kinadanganya.

Juma la 2. Waya

Roli moja ya waya imerudishwa dukani. Iliandikwa shaba 2.5mm. Kijana aliyekuwa akimenya waya aligundua kwamba nyuzi zinakatika zikikunjwa mara tatu. Tukakwangua uzi kwa kisu: nje rangi ya shaba, ndani nyeupe. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Roli ya mita 100 ya shaba halisi ya 2.5mm ina upinzani wa omu 0.7; hii imesoma 1.2 baada ya kutoa upinzani wa nyaya za mita ya kupimia umeme. Waya wa namna hii hupoteza volti, na ukibanwa kwenye skrubu hulegea taratibu mpaka kiungo kinachemka. Tangu siku hiyo hakuna roli inayotoka dukani bila kukwanguliwa.

Hesabu ya unene tumeibandika ofisini: volti zinazopotea = 2 × urefu × ampea × 0.0175, gawanya kwa unene wa waya (namba yake ya dukani, ambayo ni milimita za mraba). Mpango wa awali uliweka betri ukuta wa mbali wa ofisi, mita 9 kutoka kwenye paneli. Kwa waya wa 4mm na ampea 16.6, volti 1.31 zinapotea njiani.

Mtu atasema paneli ina volti 18, kupoteza 1.3 kuna nini? Kuna hiki. Volti 18 ni za nyuzijoto 25, na paneli ya Chemba saa 7 mchana inafika 65. Kila nyuzi moja ya joto inapunguza takriban asilimia 0.4, kwa hiyo nyuzi 40 za ziada zinaondoa asilimia 16 na kubakiza volti 15.1. Toa 1.31, zimebaki 13.8. Betri ya jeli inahitaji kufikishwa 14.1 ili ijae. Kwa hiyo jua likiwa kali kabisa betri haijai, mwaka mzima, na hakuna taa itakayowaka kukuambia hivyo. Kontrola zetu ni za PWM, aina inayowasha na kuzima umeme wa paneli harakaharaka tu, haziwezi kupandisha volti zilizopungua.

Tumeihamishia betri ukuta wa karibu, mita 5, kwa waya wa 6mm. Hasara ni volti 0.48, zinabaki 14.6. Kuhamisha meza moja kumetusaidia kuliko ambavyo paneli ya tatu ingetusaidia.

Kwa taa za darasa, mita 14 na ampea 3, tumepitisha 2.5mm. Waya wa 1.5mm ungekula karibu volti 1 na taa za mwisho zingefifia.

Juma la 2, mwisho. Paa la shule

Chemba iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli zinatazama kaskazini. Dira ya simu hupotoshwa na mabati, tumetumia kijiti. Simamisha kijiti wima kwenye udongo tambarare, subiri kivuli kiwe kifupi kuliko vyote, ambacho Julai hapa ni karibu saa 6 na dakika 40 mchana. Mwezi huu kivuli hicho kinaangukia kusini kamili, na upande wa pili ndiko kaskazini. Paa la shule lina upande wa kaskazini wenye mwinamo wa nyuzi 17, paneli zimeufuata. Mwinamo usipungue 10, la sivyo mvua haiondoi vumbi, inaligeuza tope kwenye fremu ya chini.

Kati ya bati na paneli kuna nafasi ya sm 10 ili upepo upoze mgongo wa paneli. Bati ni geji 30, jepesi, halishiki kitu. Kila skrubu lazima ipite bati na kuingia kwenye papi, yaani mbao zinazobeba bati. Braketi 4 kwa kila paneli, skrubu juu ya mgongo wa bati na si bondeni maji yanapopita, washa ya mpira chini ya kichwa, silikoni juu yake. Papi 2 zilizoliwa na mchwa zimebadilishwa kwanza.

Upande wa magharibi kuna mwarobaini. Kuanzia saa 9 alasiri kivuli cha tawi moja kinagusa pembe ya paneli ya pili. Vijana wengi walidhani kivuli cha kiganja kinapunguza umeme wa kiganja. Tumewaonyesha kwa mita: ampea 7.4, weka daftari juu ya seli moja tu, ampea 1.6. Seli 36 zimeungwa mfululizo kama watu wanaopokezana ndoo, mmoja akisimama foleni yote inasimama. Ndani ya paneli kuna njia ya kuiruka nusu yenye kivuli, lakini nusu inayobaki ina volti 9 tu, nazo haziingii kwenye betri ya 12. Mwenyekiti wa kitongoji ameruhusu tawi likatwe. Mti umebaki, watoto wanauhitaji.

Juma la 3. Nyumba za tembe

Nyumba 9 kati ya 14 ni tembe: paa bapa la udongo juu ya miti. Halitobolewi, ukilitoboa, mvua ya Desemba itaingia ndani. Paneli za nyumba hizi, wati 50 kila moja, zimewekwa kwenye nguzo.

Nguzo ni bomba la chuma la inchi 1 na nusu, mita 3, sm 70 zikiwa ardhini, mita 1 kutoka ukutani. Shimo ni sm 30 kwa 30. Zege ni ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto, na maji ya kulowanisha tu. Mbao hatukuzifikiria, mchwa wa huku hawangoji. Kichwa cha nguzo kinazibwa ili mvua na nyuki wasiingie. Paneli ina urefu wa sm 67; kwa mwinamo wa nyuzi 12, upande wa kusini umeinuliwa sm 14 kuliko wa kaskazini, na kijana yeyote mwenye futi kamba na pima maji anaweza kuhakiki.

Nguzo 2 za kwanza zilitundikwa paneli siku ya tatu. Upepo wa Julai ukazizungusha, moja ikatazama magharibi. Sababu ni mbili: zege lilikuwa halijakomaa, na bomba laini ndani ya zege halina cha kulizuia lisizunguke. Nguzo 7 zilizofuata zimetobolewa chini na kupitishiwa kipande cha nondo ya 12mm kama msalaba, na paneli zimengoja siku 7. Hazijasogea. Zile 2 zimechimbwa upya.

Ng'ombe hujikuna kwenye nguzo. Kila nyumba imezungushia miiba ya mgunga, na waya unashuka ndani ya bomba hadi urefu ambao mbuzi hawaufikii.

Mzigo wa nyumba: taa 3 za wati 3 kwa saa 5, redio ya wati 5 kwa saa 4, simu 2 za kitochi za wati-saa 6 kila moja. Wati-saa 77. Betri ni ya lithiamu yenye fosfeti ya chuma, volti 12.8, Ah 12, yaani wati-saa 154. Betri hizi hazisomwi kwa volti kama za risasi, kwa sababu hukaa 13.2 hadi 13.3 muda mrefu kisha zikaporomoka ghafla. Kontrola lazima iwekwe kwenye aina ya lithiamu. Nyumba 3 zilikutwa bado kwenye mpangilio wa kiwandani wa betri za maji, ambao kila baada ya muda hupandisha volti kusawazisha seli. Saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri ikajifunga na nyumba zikawa gizani. Zimebadilishwa, zikarudi.

Juma la 4. Konekta, fyuzi, na mpangilio wa kuunganisha

Konekta za MC4, viungo vya waya za paneli, zinabanwa kwa koleo lake. Tuliwapa vijana koleo la kawaida waone tofauti. Kwa macho, kiungo kinapendeza. Ukikivuta kwa mkono kinateleza kama jino bovu, na ndani kuna nyuzi nne zilizokunjamana nje ya pini. Kila konekta sasa inavutwa kwa nguvu kabla ya kufungwa, na inasukumwa mpaka isikike "tak". Baada ya saa moja ya jua la mchana, mtu anapita na kushika kila kiungo. Kimoja cha shule kilikuwa cha moto wakati vingine vina joto la kawaida: kiume cha kampuni moja, kike cha nyingine. Vinaingiana, lakini haviumani. Kimekatwa.

Mpangilio haubadiliki: betri kwanza kwenye kontrola, kisha paneli, mwisho mzigo. Kufungua ni kinyume chake. Kontrola huitambua mitambo ya volti 12 au 24 kutokana na betri; ikianza kuona volti 21 za paneli huweza kudhani ni mtambo wa 24, na nyingine huungua hapo hapo. Katika mafunzo hilo limetokea mara moja: kontrola ikajiweka 24 na ikakataa kuwasha taa. Ilifunguliwa yote, ikaanza upya, ikapona.

Fyuzi ya ampea 40 iko sm 20 kutoka kwenye kichwa chanya cha betri ya shule. Isikae mbali na hapo, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi wowote, na betri ya Ah 200 ikipata shoti inayeyusha spana. Pete na saa za mkononi zinavuliwa. Breka za nyumbani za umeme wa TANESCO hazitumiki upande wa paneli: cheche za umeme wa mkondo mmoja hazijizimi zenyewe, breka inaungua huku imeonyesha kuzimwa. Tumeweka za DC, yaani za mkondo huo mmoja.

Ethi (waya wa ardhini) ya inveta ya shule, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO kwa ajili ya kompyuta, ni fimbo ya mita 1.5, nayo imepigwa pale maji ya kunawia watoto yanapomwagika. Udongo wa Chemba wa Agosti ni mkavu, na fimbo kwenye udongo mkavu haipitishi kitu.

Juma la 6. Daftari linaonya

Kila asubuhi saa 12, taa zote zikiwa zimezimwa kwa dakika 15 na kabla jua halijapiga paneli, mtu wa zamu anapima volti za betri ya shule na kuziandika. Kwa betri hii ya jeli, 12.8 imejaa, 12.3 ni nusu. Juma la 5 lote ilikuwa 12.7 au 12.6. Juma la 6: Jumatatu 12.6, Jumanne 12.5, Jumatano 12.5, Alhamisi 12.3, Ijumaa 12.1.

Kijana wa zamu hakungoja Ijumaa. Alhamisi alishaanza kutafuta, na alichokikuta ni hiki. Inveta ilikuwa inaachwa imewashwa usiku na mchana; haifanyi kazi yoyote lakini inakula wati 8, na kwa saa 22 ni wati-saa 176. Simu ofisini hazikuwa 6 bali 36, za kitongoji kizima, maana banda lilikuwa halijakamilika: ziada ya wati-saa 300. Weka 641, jumla 1,117. Paneli 2 kwa saa 5, ukitoa hasara, hutoa 1,050. Pengo ni dogo, 67 tu, na ndiyo maana betri ilishuka kidogo kidogo badala ya kuanguka. Juu ya hapo kulikuwa na vumbi la siku 9: saa ile ile ya mchana, kabla ya kufuta ampea 12.9, baada ya kufuta 14.8.

Hakuna kilichoharibika wala kununuliwa. Inveta sasa inawashwa kwa ajili ya kompyuta tu, simu zimeondoka, paneli zinafutwa kila Jumamosi. Kufuta ni asubuhi kioo kikiwa baridi, kwa kitambaa laini na maji matupu bila sabuni. Maji baridi kwenye kioo cha saa 7 mchana yanaweza kukipasua. Kontrola, iliyotoka kiwandani ikikata kwa volti 11.1, imepandishwa ikate 11.8 na irudishe 12.8. Itakata mapema zaidi, na mwalimu ameelezwa kwa nini. Jumatano iliyofuata betri ilisoma 12.7.

Tunaliandika hili kwa urefu kwa sababu ndilo lililoua mtambo wa zahanati. Tofauti ni mita na daftari la shilingi mia chache, na mtu anayejua namba zinasema nini.

Juma la 7. Banda la simu na zahanati

Banda lina paneli ya wati 100 na betri yake. 100 × 5 × 0.7 ni 350, kwa hiyo simu 35 kwa siku, na namba hiyo imeandikwa mlangoni. Simu zinachajiwa kwa vichwa vya USB vya volti 12 bila inveta. Bei ni shilingi 300 kwa simu, fedha zinaingia mfuko wa betri, hazigawanywi.

Zahanati haikurudishiwa mtambo mmoja. Paneli moja ya wati 80 na betri ya lithiamu ya Ah 25 zimepewa chumba cha kujifungulia peke yake: taa 2 za wati 9, hata zikiwaka saa 10, ni wati-saa 180 kati ya 280 zinazoingia. Hakuna soketi kwenye laini hiyo, kwa makusudi. Mama akijifungua saa 9 usiku, taa isitegemee nani alichaji nini mchana. Paneli 3 zilizobaki, kontrola ya ampea 20 na betri ya jeli ya Ah 150 zinahudumia vyumba vingine. Jokofu la chanjo lina paneli zake na halikuguswa.

Ukungu wa kijani na mweupe kwenye vichwa vya waya za zamani umesafishwa kwa magadi ya jikoni yaliyoyeyushwa kwa maji ya moto: yanatoa povu, povu likiisha tindikali imekwisha. Ni maji ya vichwani tu, yasiingie ndani ya seli. Vichwa vikikauka, mafuta ya mgando juu. Betri mbili zilizokufa zimefungwa wima kwenye beseni la plastiki zikisubiri mkusanyaji mwenye kibali. Risasi haiyeyushwi nyumbani na tindikali haimwagwi ardhini.

Juma la 9. Vilivyobaki

Nyumba 14 zinawaka, kila moja inachangia shilingi 3,000 kwa mwezi, yaani 504,000 kwa mwaka kwenye mfuko. Vijana 6 kati ya 9 wanaweza kufunga mtambo wa nyumba kuanzia kwenye hesabu hadi taa bila kusimamiwa. 3 bado wanachanganya ampea na Ah, na wamepangiwa zamu pamoja na wanaojua.

Kabla ya mvua: vizuia radi vya upande wa paneli, shule na zahanati, havijafika. Silikoni ya skrubu zote za paa ikaguliwe mwisho wa Oktoba. Nyumba namba 11 ina waya unaopita juu ya jiko la kuni, uhamishwe. Akiba iliyoachwa kwenye sanduku la ofisi: fyuzi 10 za ampea 40 na 20 za ampea 10, konekta jozi 8, taa 6, kontrola 2, koleo la kubania 1, mita za kupimia umeme 2, na betri 4 za mita hizo. Kipimo cha leo saa 12 asubuhi, shule: 12.7.